Kadi ya kupima sumu kwenye maji ya kijiji: inaona nini, haioni nini

Swali: Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni katibu wa chombo cha maji cha kijiji chetu huku Kilolo, Iringa. Juu ya chemchemi yetu watu wamefungua vinyungu (bustani za bondeni) vya nyanya na vitunguu, na wanapulizia dawa mpaka ukingoni mwa kijito. Mfanyabiashara mmoja ametuletea kadi anazosema zina kimeng'enya na zinapima "sumu zote" ndani ya robo saa. Pakiti moja inakula karibu makusanyo yetu yote ya mwezi. Je, zinafanya kazi kweli? Halafu shemeji yangu aliyeko Chunya anauliza kama zinaweza kupima zebaki.

Jibu: Marahaba, ndugu katibu, na kamwene kwa wanakamati wote. Kadi hizo si utapeli. Kimeng'enya, yaani protini ya viumbe hai inayoharakisha badiliko la kikemia, kipo na kazi yake kinaifanya. Kasoro iko kwenye maneno mawili ya muuzaji, "sumu zote", na kwenye jambo moja ambalo huenda hakuwaambia: kadi za namna hiyo zilibuniwa kupima mboga sokoni, si maji ya kunywa. Ningekuwa kwenye kamati yenu nisingezinunua mwaka huu. Hela hiyo ingeenda kwenye kipimo kingine, ambacho nacho kinategemea kimeng'enya, nami nitakieleza huko mbele.

Kwanza tuelewane kuhusu kimeng'enya chenyewe. Kinaitwa asetilikolinesterasi, na unacho mwilini mwako, pale neva inapokutana na msuli. Neva ikitaka msuli ujikunje hutoa kemikali iitwayo asetilikolini. Kimeng'enya huivunja papo hapo ili msuli ulegee. Dawa za wadudu za jamii ya oganofosfati na kabameti zinaua kwa kukikaba kimeng'enya hicho. Ujumbe haufutiki, misuli inatetemeka bila kupumzika, mdudu anakufa. Mpuliziaji asiyevaa kinga hupata yaleyale kwa kiwango kidogo: mate kujaa mdomoni, jasho, mboni za macho kusinyaa, nyama za mwili kuchezacheza. Watu wa Ilula wanaolima nyanya wanazijua dalili hizi bila kufundishwa na mkemia.

Watafiti wakaugeuza udhaifu huo kuwa kipimo. Ukikiweka kimeng'enya kwenye karatasi au kwenye elektrodi (kipande kinachopitisha umeme), kisha ukakipa maji yanayoshukiwa, kikishindwa kazi utajua maji yana kitu cha kukikaba. Kifaa cha namna hii, chenye kiungo cha uhai ndani yake na njia ya kuligeuza tukio la kikemia liwe rangi au mkondo wa umeme, ndicho kinachoitwa bayosensa. Wazo hilo lilianza na Mmarekani Leland Clark mwaka 1962, aliyefikiria kukiunganisha kimeng'enya na elektrodi ili kupima sukari. Mjukuu wa wazo lake ni kile kipimo cha sukari ambacho mgonjwa wa kisukari ananunua duka la dawa Iringa mjini: tone la damu, kijiti, namba.

Sasa hapa naomba uwe makini, maana tofauti kati ya kipimo cha sukari na kadi yenu ndiyo chanzo cha matatizo karibu yote. Kwenye kipimo cha sukari, kitu kinachotafutwa ndicho chakula cha kimeng'enya: sukari ikizidi, ishara inazidi. Kwenye kadi ya sumu mambo ni kinyume. Kinachotafutwa ni mkabaji, kwa hiyo sumu ikizidi, ishara inapungua. Yaani kipimo kinatangaza sumu kwa kunyamaza. Na kimeng'enya kina sababu nyingi za kunyamaza ambazo hazihusiani na dawa ya mtu: kimepigwa na joto kwenye buti la basi kutoka Dar, muda wake umepita, maji yana klorini, maji yana shaba iliyotokana na dawa za ukungu, au asubuhi ni ya baridi kali.

Niieleze kadi yenyewe kama unaishika mkononi. Zilizozagaa zaidi zina viduara viwili, kimoja cheupe, kingine chekundu. Cheupe kimebeba kimeng'enya kilichokaushwa. Chekundu kimebeba kemikali ambayo kimeng'enya kikiivunja hugeuka bluu. Unadondoshea maji kwenye cheupe, unaacha dakika 10 mahali penye joto la nyuzi 37, kisha unaikunja kadi ili viduara vigusane na kuibana kwa vidole dakika 3. Ukiifungua, kile kilichokuwa cheupe kikiwa kimegeuka bluu, kimeng'enya ni kizima. Kikibaki cheupe, kimekabwa. Bluu hafifu ni katikati, na hapo ndipo wajumbe wataanza kubishana, kila mmoja akiigeuzageuza kadi kwenye mwanga.

Nyuzi 37 ni joto la mwili. Kilolo mwezi wa saba, asubuhi, penye chemchemi, hupati joto hilo popote ila kwapani mwako, na kwa kweli hilo ndilo suluhisho: kadi ndani ya kimfuko kikavu cha zipu, kwapani, dakika zote 10. Ukiiacha juu ya jiwe, kimeng'enya kitazubaa tu. Kasi yake hupungua kwa karibu nusu kila joto likishuka nyuzi 10, na utapata rangi ya kufifia utakayoiita sumu, kumbe ni baridi ya Udzungwa.

Dawa ya ubishi huo ni kadi ya ulinganisho. Kila unapopima maji ya chemchemi, pima sambamba, kwa joto lilelile na dakika zilezile, maji mnayoyaamini, kwa mfano ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi. Kadi ya maji safi isipogeuka bluu nzuri, usiisome kabisa ile nyingine. Maana yake kila kipimo kinakula kadi mbili, hesabu ambayo muuzaji hakuiweka kwenye bei. Na kama tenki lenu linatiwa klorini, chukueni maji kwenye dakio, pale yanapoingia kwenye bomba, kabla hayajafika kwenye klorini. Yale ya kilula, yaani bomba la kuchotea, yatakiharibu kimeng'enya chenyewe.

Tuseme mmefanya yote hayo sawasawa na kadi imegeuka bluu. Je, maji ni salama? Hapana, hamjui bado, na hii ndiyo hoja yangu kubwa dhidi ya ununuzi huu. Chukua dimethoeti, dawa ya siku nyingi kwenye mboga. Kwa kiwango cha taifa cha China kinachosimamia kadi za mboga, dimethoeti inaanza kuonekana ikifika karibu miligramu 1.3 kwa kilo ya mboga. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa maji ya kunywa ni miligramu 0.006 kwa lita. Maji yenu yanaweza kuupita mwongozo mara 50, mara 100, na kadi ikaendelea kuwaonyesha bluu safi. Kabofurani, ya jamii ya kabameti, ina afadhali kidogo tu: kadi inaanza karibu miligramu 0.5, mwongozo ni 0.007. Kwenye jani la kabichi lililopuliziwa juzi kadi hiyo ina maana. Kwenye maji yanayotiririka, itawaambia tu kama kuna mtu amemwaga bomba zima la kupulizia dawa kijitoni dakika chache zilizopita.

Kuna kingine ambacho hata wauzaji wenyewe wengi hawakijui. Klopirifosi, dimethoeti, dayazinoni na malathioni zinatoka kiwandani zikiwa na salfa mahali ambapo oksijeni ingekaa, na zikiwa katika hali hiyo zinakikaba kimeng'enya kwa unyonge. Mwili wa mdudu, au ini lako, ndio unaoitoa salfa na kuweka oksijeni. Hapo ndipo sumu inapata meno. Karatasi haina ini. Maabara hulimaliza hilo kwa kuitendea sampuli na maji ya bromini kabla ya kupima. Mkidondosha maji ya kijito moja kwa moja kwenye kiduara, mnazipima dawa hizo zikiwa zimelala. Profenofosi, ambayo wakulima wengi waliikimbilia baada ya mdudu kanitangaze kuvamia nyanya, haina kikwazo hicho. Yenyewe hukikaba kimeng'enya moja kwa moja.

Halafu kuna orodha ya vitu ambavyo kimeng'enya hiki hakina habari navyo hata vikiwa vingi: dawa za jamii ya pairethroidi kama sipamethrini na lambda-sihalothrini, mankozebu ya ukungu, glifosati ya magugu, mbolea, kinyesi. Sipamethrini inaua samaki kwa kiasi kidogo mno, na kadi itakaa bluu huku samaki wakielea. Kwa hiyo "sumu zote" za muuzaji ni jamii mbili tu za dawa, tena pale zinapokuwa nyingi kupita kiasi. Ni mbwa wa ulinzi anayewabwekea watu wa ukoo mmoja: akibweka, hujui ni nani, akinyamaza, hujui kama hakuna mtu.

Sitaki uondoke ukidhani bayosensa ni bure. Toleo la elektrodi ni chombo kingine kabisa. Kimeng'enya kinagandishwa juu ya wino wa kaboni uliochapishwa kwenye kipande cha plastiki. Kinapewa asetilithiokolini, kinaivunja, zao lake linatoa elektroni, na mashine ndogo inausoma mkondo. Unasoma mkondo kabla ya sampuli na baada ya sampuli, unapata asilimia iliyokabwa. Vifaa hivi vinafika kwenye mikrogramu kwa lita na chini ya hapo, hasa vikitumia kimeng'enya cha inzi wa matunda ambacho jeni zake zimechokonolewa ili kiwe mwepesi zaidi wa kukabwa. (Kile cha kawaida cha maabara hutolewa kwenye samaki wa umeme wa Amerika Kusini, ambaye viungo vyake vya kurusha umeme vimejaa kimeng'enya hiki.) Ukiongeza kimeng'enya cha pili kinachozivunja oganofosfati badala ya kukabwa nazo, unaanza kutenganisha jamii moja na nyingine. Ila hiyo ni kazi ya mtu mwenye mafunzo, jokofu la nyuzi 4 na vimiminika vilivyopimwa. Kama kuna mwanafunzi wa chuo anatafuta mahali pa kufanyia utafiti wake, mkaribisheni kwa mikono miwili. Fedha za vilula msiziingize huko.

Kwa hiyo mfanye nini kuhusu vile vinyungu? Anzeni na miguu. Mjumbe mmoja na daftari apande na kijito kutoka kwenye dakio hadi mwisho wa mashamba, na kila chupa au paketi tupu ya dawa atakayoiona asiishike kwa mkono mtupu, aandike tu kilichomo: si jina kubwa la biashara, bali lile la herufi ndogo lenye gramu kwa lita au asilimia. Majina ya biashara ni mengi, sumu zenyewe ni chache. Utashangaa chupa tano za rangi tano zikiwa na kitu kimoja. Aandike pia mabomba yanaoshewa wapi. Bomba kuoshewa kijitoni kunaweza kuingiza sumu zaidi ya shamba zima lililopuliziwa vizuri. Orodha hiyo ndiyo mtakayompa mtu wa maabara, kwa sababu swali lake la kwanza litakuwa "nitafute nini?" Mkimjibu "sumu", atawapa bei ya kutafuta kila kitu.

La pili ni siku. Vinyungu ni kilimo cha kiangazi, kwenye unyevu wa bondeni, wakati kijito kimepungua na hakuna maji mengi ya kuizimua sumu. Sampuli ya mwezi wa tatu, mto ukiwa umefurika, itawapa faraja isiyo na msingi. Chukueni moja jioni ya siku ya kupulizia, na nyingine mvua ya kwanza ya Novemba ikishuka na tope. Ile ya tope msiichuje: klopirifosi hung'ang'ania udongo, na mkiuchuja mmemtupa mshtakiwa. Tumieni chupa ya kioo cha kahawia yenye kifuniko safi, maana plastiki hunyonya baadhi ya dawa, muiweke kwenye barafu na kuifikisha maabara upesi. Iringa pana ofisi ya Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, nao ndio wenye dhamana ya vyanzo vya upande wenu. Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya kanda Mbeya, na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA) iko Arusha. Pigeni simu kabla ya kusafiri, muulize kama kipimo cha viuatilifu kinafanyika palepale au sampuli inapelekwa kwingine, na wanataka chupa ya namna gani.

Na kuna jambo lisilohitaji kipimo chochote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji kama ukingo wa mto. Futi kamba na serikali ya kijiji vinatosha. Najua si rahisi, wenye vinyungu hivyo ni ndugu na majirani, na pengine ni wajumbe wenzako. Lakini hata kadi ikiwa nyeupe kama karatasi, mtaishia kwenye mazungumzo hayohayo.

Sasa kile kipimo kingine nilichokuahidi. Penye vinyungu pana watu wanaoshinda shambani kutwa, na penye watu kutwa bila choo pana kinyesi. Kinyesi kwenye maji huua watoto wengi kuliko profenofosi, na chenyewe kinapimika vizuri kwa kimeng'enya. Bakteria wa E. koli, mwenyeji wa utumbo, karibu wote wana kimeng'enya kiitwacho beta-glukuronidasi, ambacho bakteria wengine wengi wa majini hawana. Unachanganya mililita 100 za maji na unga wenye chakula maalumu cha kimeng'enya hicho. E. koli akiwepo, anakula na kuongezeka, na chakula kinatoa rangi, au mng'ao wa bluu chini ya taa ya urujuanimno. Mwongozo ni mwepesi kukumbuka: asionekane hata mmoja katika mililita 100.

Tazama jinsi hesabu ilivyogeuka. Hapa kimeng'enya ni cha mchafuzi mwenyewe. Uchafu ukiwepo, rangi inatokea, kama ilivyo kwenye sukari. Na kwa kuwa bakteria anazaliana humo ndani, hata mmoja anatosha kuonekana. Ndiyo maana kipimo hiki ninakiamini mikononi mwa kamati ya kijiji na ile kadi siiamini. Shida yake ni joto tena. Kinataka nyuzi 35 hivi kwa saa 18 hadi 24, na usiku wa Kilolo hautakupa. Mfuko utaachwa mezani na bakteria watalala tu, nanyi mtasema maji ni safi. Kama hamna kiatamizi, tumieni kile cha kituo cha afya au maabara ya maji ya mkoa, na sampuli ifike ikiwa ya baridi, siku hiyohiyo.

Kwa shemeji wa Chunya, jibu ni fupi. Kuna kimeng'enya kinachokabwa na zebaki, yuriasi, kinachopatikana kwenye maharage ya upanga, na bayosensa zake zimetengenezwa. Lakini yuriasi hukabwa pia na shaba na fedha, na zebaki ya wachenjuaji haikai sana ndani ya maji. Inazama kwenye tope, bakteria wanaigeuza kuwa methili-zebaki, inapanda hadi kwenye samaki. Akipima maji ya juu anaweza kupata jibu safi huku sumu iko kwenye kitoweo. Tena hatari yake kubwa yeye mwenyewe, kama anachoma mchanganyiko wa dhahabu na zebaki, ni mvuke anaouvuta siku ileile. Apeleke tope na samaki maabara, na uchomaji autoe nyumbani kwake.

Mwisho, iwapo kamati imeshalipa na kadi ziko mkononi, basi zitumieni kwa kazi moja: maji yanapoonekana ya ajabu, povu, harufu ya dawa, samaki au vyura wamekufa. Kadi ikibaki nyeupe na ile ya ulinganisho ikawa bluu, fungeni koki ya dakio saa hiyohiyo, jazeni chupa ya kioo kabla kijito hakijajisafisha, ndipo mpige simu. Wananchi waambiwe wasichote, na waambiwe wazi kwamba kuchemsha hakusaidii. Maji yanapungua sufuriani, dawa nyingi zinabaki. Na muuzaji akirudi, muulizeni mambo mawili mbele ya wajumbe: dimethoeti inaonekana kuanzia miligramu ngapi kwa lita ya maji, na pakiti zimehifadhiwa kwenye nyuzi ngapi tangu zitoke kiwandani.